Mafuta ya habasoda na vidonge ndani ya mzigo wa mama

Bunia, Jumanne. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa ni saa kumi na moja jioni na ua wetu bado ni tope tupu. Ninaogopa.

Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Kwa kawaida huwa naanza na habari za mvua halafu nazungukazunguka kabla ya kusema kinachoniuma. Leo sina pumzi ya kuzunguka. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu.

Mimi ni mwoga tangu zamani, mnaonisoma kwenye ukurasa huu mnajua. Naogopa pikipiki, naogopa radi, naogopa simu inayoita mara moja na kukatika. Neema, binti yangu wa miaka kumi na miwili, husema mama yake huogopa jambo hata kabla jambo lenyewe halijaamua kutokea. Basi leo limetokea. Limetokea nyumbani kwangu, chini ya kitanda cha mama yangu mzazi, na mkono wangu umo.

Niseme kwa mpangilio, nisije nikajificha katikati ya maneno.

Asubuhi nilikuwa shuleni. Nafundisha darasa la tano. Tangu Jumapili watu wanaingia mjini kwa barabara ya Djugu, magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu, na kila anayefika ana maelezo yake. Wapo wanaosema ni kijiji kimoja tu kilichoshambuliwa. Wapo wanaosema wale wenye bunduki wanakuja huku mjini. Nilikuwa ubaoni nikifundisha hesabu za sehemu, nimechora andazi na kuligawa vipande vinane, nilipomwona mzazi wa kwanza dirishani. Alimwita mtoto wake kwa kidole. Akaja wa pili, kisha wakaja watatu pamoja. Mvua ilipokatika nilikuwa nimebaki na watoto sita, na mkurugenzi wa shule akasimama mlangoni, suruali imelowa hadi magotini.

"Madamu Dorcas, kila mutu arudie kwake," akasema. "Kesho tutaona."

Hakuna aliyekimbia. Watu wa hapa wakianza kutembea upesi bila kukimbia, ujue kuna kitu wamesikia. Nikafuta andazi langu ubaoni, nikafunga mlango, nikarudi nyumbani kukagua mizigo.

Msomaji wa mbali huenda hajui mzigo ni nini kwetu. Kila mtu katika nyumba yangu ana mzigo wake wa kukimbia nao, umefungwa tayari chini ya kitanda. Ndani kuna unga, chumvi, kisufuria, kitenge, na karatasi zako muhimu zilizofungwa katika mfuko wa plastiki. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunatoa unga wa zamani, maana wadudu hawangoji vita, tunaupika ugali na kuula, na kuweka mpya. Neema alizaliwa katika desturi hiyo na haioni ajabu. Anadhani watu wote duniani hula ugali wa mzigo Jumamosi ya kwanza.

Na kuna sheria moja ambayo mama aliileta alipokuja kuishi nami: kila mtu anafunga mzigo wake mwenyewe, na hakuna anayefungua wa mwenzake. Ndani mna nguo zako za ndani na siri zako. Hata wa Neema mimi siufungui.

Leo nimeivunja sheria hiyo. Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda matangani mtaa wa pili, kusaidia kumenya mihogo. Nilitaka tu kumwongezea sabuni na chumvi. Nilipouvuta mzigo wake niliona ni mzito kuliko unga na kitenge, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachochakarika.

Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga. Nikalifungua.

Vidonge. Plaketi juu ya plaketi, zile pakiti bapa za vidonge, zimefungwa kwa mpira kumi kumi, zimepangwa kwa usafi ambao mama hupangia hata mchicha. Ni vidonge vyake vya tansiyo, kama tunavyoita huku shinikizo la damu. Vile vile ambavyo mimi mwenyewe ninakwenda kumchukulia kila mwezi kituo cha afya. Vile ambavyo kila asubuhi nikiwa natafuta viatu vyangu naulizia kwa sauti, "Mama, umemeza?" na yeye hunijibu kutoka chumbani, "Nimemeza."

Nilianza kuhesabu. Nilipopita vya miezi mitano nikaacha, macho yalikuwa hayaoni vizuri. Za juu kabisa zilikuwa za juma lililopita. Hakuna hata kidonge kimoja kilichotobolewa.

Sasa inabidi nirudi kwenye mafuta, na hapa ndipo ninapoona aibu.

Wengi wenu mlianza kunisoma kwa sababu ya andiko langu la habasoda. Ni miezi sita hivi imepita. Niliwaeleza kuhusu Mama Zaituni, anayeuza sokoni karibu na wenye vitenge, na chupa zake nyeusi zinazotoka Uganda, zinavuka ziwa hadi Mahagi-Port na kutufikia huku zimefungwa katika magazeti. Niliwaeleza mbegu yenyewe ilivyo, ndogo na nyeusi, unaweza kuidhania ya kitunguu, na mafuta yake yalivyo machungu, yanayokwaruza koo na kukufanya ucheue pilipili hadi saa sita mchana. Waislamu wana neno lao kwamba mbegu hiyo ni tiba ya kila ugonjwa isipokuwa kifo. Mimi ni Mkristo wa kwaya, lakini neno hilo nalo lilinipendeza nikaliweka.

Niliandika niliyoyaona. Kikohozi changu cha majira ya vumbi kilipungua nilipokunywa kijiko kimoja asubuhi na asali. Ngozi ya Neema, iliyokuwa ikiwasha viwikoni hadi anajikwaruza darasani, ilitulia nilipompaka jioni. Magoti ya mama, nilipoyasugua kwa mafuta yaliyopashwa moto kidogo, yalimruhusu kuinuka asubuhi bila kushika ukuta. Hayo siyakanushi. Niliyaona kwa macho yangu na hadi leo naamini yalitusaidia.

Lakini niliandika na sentensi moja zaidi. Niliandika: tangu mama yangu aanze kunywa mafuta haya, tansiyo yake imetulia.

Ilikuwa kweli. Siku zile ilikuwa imetulia. Ila siku zile alikuwa akimeza na vidonge, na mimi nilijua, na sikuviandika. Nimejiuliza tangu mchana kwa nini sikuviandika, na jibu ninalo, halipendezi: sentensi ilikuwa tamu zaidi bila vidonge. Mama Zaituni mwenyewe aliniambia siku ya kwanza, ananifungia chupa, "Madamu, lakini mafuta haifukuzake dawa ya muganga. Ile mama aendelee kumeza." Anauza mafuta na bado alisema hivyo. Mimi siuzi kitu, nikamkata ulimi.

Mkanisifu sana. Mliandika maoni mengi kuliko yote niliyowahi kupata. Sokoni walianza kunitania wakiniita muganga, nami sikukataa jina, nilicheka tu na kusogeza kikapu. Neema alimsomea bibi yake andiko lile. Mama akamwambia arudie. Aliporudia, akamwambia asome tena pale pa tansiyo.

Nilikuwa jikoni nawasikia. Nilikuwa natabasamu.

Na kuna jingine la kuungama. Mama hapendi foleni ya kituo cha afya, anasema ukikaa pale na afya unatoka na homa. Basi nikawa naenda mimi, na kadi yake, nachukua vidonge. Mara mbili yule muuguzi, jina lake Gilbert, aliniambia nimlete mama apimwe. Mara zote mbili nilimjibu kwamba mama yuko salama, anakunywa habasoda. Nilimjibu kwa majivuno, kana kwamba nimemletea habari yeye.

Nilipoliacha kopo leo sikufunga hata mlango. Nilikimbia na viatu vya shule kwenye tope, na wanawake njiani wakaniuliza, "Kuko nini? Banafika?" Walidhani nimesikia risasi. Nikawajibu hapana, ni mama, ni mama tu. Mmoja wao alikuwa tayari ameshaanza kufunga mtoto mgongoni. Naomba anisamehe.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya wanawake, beseni la mihogo mbele yake, anaimba sauti ya pili. Jicho lake moja lilikuwa jekundu. Nikamuuliza kama kichwa kinamuuma. "Kidogo tu, tangu juzi," akasema, na akaendelea kumenya. Sikutaka kumuuliza mengine mbele za watu. Nilimshika mkono nikamwambia twende, akaniangalia usoni, akaweka kisu chini bila kubisha. Hapo nikajua kwamba naye amejua.

Tulipanda pikipiki, dereva, mama na mimi. Mimi ninayeogopa pikipiki nilimwambia yule dereva aongeze mwendo.

Gilbert alimfunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akasikiliza. Akakifungua. Akamfunga mkono wa pili, akapampu tena. Chumba kilikuwa na watu wanaongoja na wote wakageuka kuangalia, maana muuguzi anayepima mara mbili kila mtu anamwelewa.

"Vingt-deux sur treize," akasema kwa sauti ya chini: ishirini na mbili juu ya kumi na tatu, ilhali ya kawaida ni kumi na mbili juu ya nane.

Mama hajui hesabu za Kifaransa. Alizisoma usoni kwangu.

"Mama," Gilbert akamuuliza kuhusu vidonge, "komprime uko nameza?"

Mama akaangalia sakafu. "Niko nakunywa mafuta."

"Mafuta nasikia. Komprime?"

"Niko nabakisha."

"Unabakisha juu ya nini, mama?"

Mama akazungumza kama mtu anayeeleza mpango mzuri ambao watoto hawakuuelewa. "Mafuta ni ya mu nyumba. Chupa inapasukaka mu njia. Komprime haipasuke. Nikasema, mafuta itanishika hapa, komprime itanishika kule."

"Kule wapi?"

"Kule tutakimbilia," mama akasema. "Dorcas mwenyewe aliandika, tansiyo ilishaka kutulia na mafuta. Basi komprime nikaweka mu mzigo. Yake baba ilibakia ku dirisha."

Gilbert hakuelewa, akanigeukia. Mimi nilielewa, nikakaa kitandani kando ya mama bila kuombwa.

Baba naye alikuwa na tansiyo. Walikuwa bado kijijini kwao, Djugu, na mimi nilikuwa nimeolewa huku mjini. Vidonge vyake vilikaa dirishani kwa sababu alivimeza kila asubuhi na chai akiangalia mbuzi wake. Asubuhi kijiji kiliposhambuliwa hakukuwa na chai. Walitoka na walichovaa, yeye na mama na majirani, wakalala porini, na siku ya pili njiani mdomo wake ukapinda upande mmoja. Alitaka kusema kitu na ulimi haukumsikiliza. Walimzika kando ya barabara kwa jembe la kuazima, na mama hadi leo hawezi kunionyesha mahali penyewe, anajua tu kwamba palikuwa na migomba. Mimi nilipata habari kwa simu iliyoita mara moja na kukatika, na nilipopiga mimi akapokea mtu nisiyemjua.

Miaka yote hii nilijua hayo. Nilijua na vidonge vya dirishani. Sikuwahi kufikiri mama alivihesabu kuwa kosa lake. Kumbe kila mwezi nilipomletea plaketi mpya, yeye alikuwa anamwokoa baba.

Gilbert hakumkaripia. Alivuta kiti akakaa chini kidogo kuliko yeye, kama vijana wanavyokaa wakizungumza na mkubwa. Nayaandika maneno yake yote ninayoyakumbuka, kwa sababu nina deni nayo kwenu.

"Mama, sisemi mafuta iko mubaya. Hata kwangu mu nyumba iko. Inaweza kusaidia kifua, magoti, hata tansiyo inaweza kushuka kidogo kwa batu bengine. Lakini kidogo. Tansiyo yako haiko kidogo. Mafuta peke yake haitaiweza. Na kama unakunywa yote mbili, mafuta na komprime, uniambie, juu yote mbili inaweza kushusha. Njo maana tunapima, tunajua."

"Na siku tutakimbia?" mama akauliza. Hakumwuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli.

Gilbert aliangalia dirishani kwanza, kuelekea barabara, na nikaona kwamba naye ana mzigo wake mahali. "Tutafanya hivi," akasema. "Siku kumi mu mzigo. Ingine yote, mu tumbo. Na ile ya mu mzigo, kila mwezi unaitoa, unaimeza, unaweka mupya. Juu komprime nayo inazeekaka, mama. Inapoteza nguvu."

Mama alishtuka. Hilo hakulijua. "Kama bunga?"

"Kama bunga."

Unga mama anauelewa. Akafungua mkono wake, na Gilbert akamwekea kidonge, na akakimeza mbele yetu sote na maji ya kikombe cha plastiki. Akalazwa pale, mto wake ukiwa koti langu. Baada ya saa moja na kitu akapimwa tena, ikawa imeshuka kidogo tu. Gilbert akasema ni vizuri, haitakiwi kuporomoka kwa siku moja. Kisha akaniita pembeni akanipa orodha ya mambo ya kutazama: mdomo ukipinda, mkono au mguu ukikosa nguvu, maneno yakivurugika, kifua kikiuma, kichwa kikizidi ghafla. Nikiona hata moja nisingoje asubuhi. Tusipoona, kesho turudi apimwe.

Tangu hapo sijauacha mdomo wake kwa macho. Akicheka naangalia kama pembe zote mbili zinapanda. Akipiga miayo moyo unanilipuka. Ameniambia, "Acha kuniangalia kama samaki ya soko," na mimi nikasikiliza kama maneno yametoka sawasawa.

Alipokuwa amelala pale kituoni nilifungua simu, nikarudi kwenye andiko langu la habasoda, nikasoma maoni yenu. Safari hii niliyasoma kwa jicho jingine. Chini kabisa kuna dada mmoja wa Mahagi-Port. Aliandika kwamba baba yake ameacha vidonge vya hospitali, mafuta yanamtosha, na Mungu anibariki.

Nilikuwa nimemjibu kwa alama ya dole gumba.

Nimemwandikia mara tatu tangu mchana. Bado hajajibu. Labda mtandao hauko, labda yuko sokoni, labda simu yake haina chaji. Nina labda nyingi na hakuna hata moja inayonituliza. Dada, ukisoma hapa, tafadhali mpeleke baba akapimwe leo. Na wewe mwingine yeyote uliyeacha dawa yako kwa ajili ya sentensi yangu, rudi kwa aliyekupa dawa, umwambie ukweli kwamba uliacha lini na unakunywa nini. Sikulifuta lile andiko. Nimeandika juu yake, kwa herufi kubwa, kile nilichokuwa nimekificha.

Tulirudi nyumbani saa tisa, tukamkuta Neema amesharudi kutoka shule. Barabara kuu ilikuwa imejaa. Walikuwa wengi kuliko asubuhi, na safari hii kulikuwa na wenye mbuzi, na mtu akikimbia na mbuzi ujue alipata muda wa kuamua. Nikajaribu kujiambia kwamba hilo ni jambo jema. Mume wangu yuko machimboni Mongbwalu na simu yake inasema haipatikani, kama inavyosema siku nyingi, lakini leo sikupenda ilivyosema.

Tulikaa kitandani, mama na Neema na mimi, kopo katikati. Neema akasoma tarehe nyuma ya kila plaketi. Tatu zilikuwa zimepita muda. Mama alizishika mkononi kwa muda kabla ya kuniachia nizirudishe kwa Gilbert. Miezi yote alizilinda, na zilikuwa zinazeeka chini yake gizani. Tukahesabu vya siku kumi, Neema akavifunga kwa mpira na kuviweka ndani ya mzigo. Vingine nikavitia katika kikopo cha chai mezani, mahali pa kuonekana na kila mtu. Halafu mama akatoka kuosha miguu, Neema akaenda kuwasha makaa, nikabaki peke yangu na mzigo uliofunguka.

Hapa ndipo penye aibu kubwa kuliko zote, na sitapaita jina jingine.

Nilisikia gari likipita barabarani, la mizigo, na sauti za watu juu yake wakiitana. Mtu aliita jina la mtoto mara nne, tano. Nikainuka. Nikachukua plaketi moja kutoka kwenye kikopo cha chai nikaitia ndani ya mzigo. Siku kumi ni chache, nikasema moyoni. Tukilala porini wiki mbili je? Nikachukua ya pili. Mimi mwalimu, mimi niliyesikia kwa masikio yangu, mimi niliyeona ile mashine na uso wa Gilbert. Nilikuwa na ya tatu mkononi nilipohisi kuna mtu mlangoni.

Mama alikuwa amesimama, miguu inachuruzika maji.

"Weye pia," akasema.

Akaja akakaa, akauvuta mzigo magotini mwake, akatoa ile ya kwanza, akatoa ile ya pili, akanyoosha mkono nimpe ile ya tatu. Vyote akavirudisha katika kikopo cha chai, bila haraka.

"Dorcas," akasema, "miye naogopa kukuzidi. Lakini nikiangukia hapa hapa, ile mzigo utamubebea nani?"

Nikalia. Nililia kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, mimi niliyekuwa najizuia tangu asubuhi. Mama akanipiga mgongoni pole pole na kuniambia nilie kwa sauti ndogo, Neema yuko jikoni atasikia. Halafu akaniuliza kama maharage yamechambuliwa.

Sasa yuko uani anachambua maharage hayo. Neema anamwimbia kitu. Chupa ya mafuta nimeiacha mahali pake, kesho atakunywa kijiko chake kama kawaida, Gilbert anajua na ameandika kwenye kadi. Sina ugomvi na habasoda. Ugomvi ninao na mimi, niliyependa kusifiwa kuliko kusema kitu kizima.

Jirani amepita sasa hivi kwenye ua wetu kuuliza kama tutalala hapa au tutasogea kwa ndugu upande wa uwanja wa ndege. Nimemwambia sijui. Ni kweli, sijui. Naogopa kubaki na naogopa kutembea na mama mwenye damu iliyopanda kiasi kile, na kati ya hofu hizo mbili hakuna mahali pa kukaa.

Lakini saa kumi na mbili asubuhi, iwe kitandani humu au chini ya migomba ya watu, nitasimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka ameze. Halafu nitamwambia afungue kinywa nione.